Siku Nilipomchora Tabu kwa Nyuma

Mimi ni mtu wa rangi. Ukifika Mwanjelwa hapa Mbeya, ukasimama katikati ya soko ukageuza shingo, kila unachokisoma ukutani ni mkono wangu: duka la viatu, kinyozi, mgahawa, fundi saa, mpaka milango ya malori yanayoshusha mchele wa Usangu. Kuna simba nilimchora kwenye ukuta wa baa moja, mlevi mmoja akampigia magoti na kumwomba msamaha. Sisemi haya ili nisifiwe, nasema kwa sababu ndivyo ilivyo. Nina karakana yangu, nina vijana wananiita Bosi, nina nyumba ya matofali ya kuchoma, na darasani sikufika mbali. Wasomi wakitaka jina la ofisi liandikwe vizuri huja kwangu, wakasimama mlangoni, wakasubiri zamu.

Mwezi uliopita nilikwenda Iringa, kule nyumbani upande wa Kihesa, kumzika Baba Mkubwa. Siku ya tatu ya matanga nikatoka nje ya nyumba kupumua, maana moshi na nyimbo vilinizidi, na miguu ikanipeleka yenyewe hadi kwenye zizi lake. Zizi lilikuwa tupu. Usiku wake mvua ilikuwa imenyesha, na ile harufu ikapanda yote kwa pamoja: samadi iliyolowa, magogo ya lango yaliyolainishwa na migongo ya ng'ombe, majani yaliyokanyagwa. Mtu mzima mimi, nimevaa koti na tai, nikashika gogo la lango nikalia. Halafu nikaanza kucheka. Shangazi mmoja akanichungulia akasema, "Huyu wa Mbeya msiba umempanda kichwani."

Haukunipanda kichwani. Nilikuwa nimemkumbuka Tabu.

Tabu alikuwa ng'ombe wa Baba Mkubwa. Na Baba Mkubwa, kwa wasiomjua, alikuwa kaka wa marehemu baba yangu. Baba alipofariki, mimi na Mama tukahamia kwake. Alikuwa mrefu, kimya, mgolole mweusi umepita begani mvua na jua, na kibuyu chake cha ulanzi, pombe ya mianzi, hakikuwa mbali. Hakuwa mkali wa fimbo. Ukali wake ulikuwa wa macho. Akikutazama unaanza kukumbuka makosa ambayo hata bado hujayafanya.

Sasa, wenzangu wa rika langu mliokulia kule mnakumbuka jinsi wazee wetu walivyokuwa na ng'ombe wao. Ng'ombe hawakuhesabiwa mbele ya watu. Mtu angeweza kukuambia habari za ndoa yake, ugonjwa wake, hata deni la babu yake, lakini idadi ya ng'ombe haitoki mdomoni. Miaka ile ilizidi, kwa sababu serikali ilikuwa inatuma mabwana mifugo kukagua na kuandika mifugo ya watu, na kila mlima ulikuwa na uvumi wake: watachukua nusu, watachukua madume, watachukua wale wanono. Kwa hiyo wazee waliwatawanya. Wawili kwa shemeji, watatu kwa rafiki, mmoja bondeni. Na sisi watoto tulifundishwa jibu kabla hatujafundishwa Baba Yetu. Ukiulizwa na mgeni, "Nyumbani kwenu kuna ng'ombe wangapi?" unajibu: "Wa kumtosha mgeni maziwa." Basi. Ukiongeza neno, utalala bila kula.

Tabu alikuwa mmoja wa wale waliofichwa. Alikaa kwenye zizi dogo bondeni, ng'ambo ya vinyungu, zile bustani za unyevunyevu ambako watu hulima kiangazi. Baba Mkubwa mwenyewe hakwenda kumwona miezi na miezi, asije mtu akaifuata miguu yake. Aliyekwenda ni mimi. Asubuhi namtoa, jioni namrudisha, katikati naenda shule. Alikuwa ng'ombe mwekundu, nyonga ya kushoto iliteguka alipoteleza korongoni, ncha ya mkia ilibaki kwa fisi, na alikuwa hazai. Misimu mitatu hakutoa ndama. Baba Mkubwa alikwisha kukata shauri: "Maziwa yamemshinda, basi Krismasi atupe nyama."

Nilimpenda Tabu kwa sababu alikuwa mpole na kwa sababu nilimchora. Nilikuwa nachora kila kitu. Mkaa ukutani, mti kwenye vumbi, kucha kwenye jani la mgomba. Ukuta wa nyumba ya Mwalimu Gaspari, mwalimu wetu mkuu, niliuchora kuku na vifaranga wake, nikachapwa fimbo za mwanzi mpaka nikasimama darasani juma zima wenzangu wamekaa. Kwa akili yangu ya mtoto nikaelewa hivi: kuchora ni kosa, tena ni kosa ambalo mkono wangu unalifanya bila kuniuliza.

Basi mwaka ule binamu yangu Lukasi, aliyekuwa mchungaji mkubwa wa nyumba, akaenda zake kwenye mashamba ya mkonge. Jioni ile ile Baba Mkubwa akamwita Mama.

"Shemeji, Lukasi kaondoka."

"Nimesikia, Shemeji."

"Shule ikifungwa mwezi huu, na huyu amefunga nayo. Ng'ombe hawasomi, lakini wanakula kila siku."

Mama aliinama akapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Mimi nilikuwa nimekaa kizani, nasikia kila neno. Si kwamba niliijua shule sana. Hesabu zilinishinda, kusoma nilisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Ila shuleni ndiko kulikuwa na chaki, na ubao mweusi mkubwa, na mara moja moja Mwalimu Gaspari akitoka, nilikuwa na ubao wote peke yangu.

Siku chache baadaye mwalimu akatusimamisha mstarini. Baridi ya kipupwe ilikuwa inatuuma vidole vya miguu. Akasema Mbeya kuna shule ya misheni imefungua chumba cha kuchora na kuchonga, na kwamba mwalimu wa huko anazunguka kutafuta watoto waliojaliwa kipaji cha sanaa. Shule yetu itatoa mmoja. Huyo mmoja atalala huko, atakula huko, atavaa nguo za huko.

"Mmoja tu," akarudia, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwa Danieli.

Danieli alikuwa mtoto wa dada yake. Alikuwa msafi, kichwa kimechongeka vizuri, na alikuwa anajua kunakili picha ya kitabuni mpaka ukidhani ameibandika. Aligeuka akanitazama mimi, akanikonyeza. "We mchoraji wa kuta, utabaki na kuku wako."

Nilimwambia Mama. Mama akanishika mkono, akaugeuza akatazama kiganja kama anatafuta mwiba. "Huyo mwalimu wa Mbeya akifika," akasema, "chora kama unanitoa mimi kwenye shimo."

Siku ikafika, na hapo ndipo akili yangu ya mtoto ilipojikwaa. Siku hiyo wazazi wa kiume walikuwa shuleni wanaezeka darasa upya. Nusu ya paa ilikuwa imekwisha kuezekwa, sisi tumekaa chini yake. Nusu nyingine wanaume wako juu, wanafunga nyasi, na Baba Mkubwa kati yao. Tukasikia gari. Ikaingia Landrova ya kijivu, akashuka mtu mweusi mnene mfupi, kaptura ya kaki, soksi ndefu mpaka magotini, kibao kimebana karatasi kwapani, na mfukoni penseli tatu.

Mnaona? Bwana mifugo huwa hivyo hivyo! Gari hiyo hiyo, soksi hizo hizo, kibao hicho hicho. Hapo juu kazi ikasimama. Mimi nikasema moyoni: kumbe kipaji ni uongo. Wamekuja kutuhesabia ng'ombe kupitia watoto.

Yule mtu akaingia. Alikuwa na sauti nzito ya Kinyakyusa, akaanza na "Ugonile!", salamu ya kwao, kwa utani, akacheka mwenyewe. "Haya, kwenu mnasema Kamwene. Kamwene, watoto!"

"Kamwene, Mwalimu!"

"Mimi naitwa Mwalimu Ambakisye. Leo hakuna hesabu, hakuna kusoma." Akatugawia karatasi, moja moja, nyeupe, kubwa kama mto wa kulalia. Sikuwa nimewahi kushika kitu safi namna ile. Ilikuwa inanukia, na penseli ilinukia msonobari uliochongwa sasa hivi. "Kila mmoja anichoree kitu kimoja. Anichoree ng'ombe wa nyumbani kwao."

Nyasi zikaporomoka kutoka juu. Mtu alikuwa ameachia mzigo.

Darasa zima tukatazamana. Kila mtoto aliyekuwa na ng'ombe nyumbani alikuwa anasikia sauti ya baba yake masikioni. Skolastika, binti wa jirani yetu, akachora kuku. Kijana mwingine akachora mbuzi, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa kwamba kwao ng'ombe hawapo na hawajawahi kuwapo. Wengine wakachora ng'ombe hana miguu. Danieli hakuwa na shida. Yeye akamchora yule ng'ombe wa kitabu cha kusomea, ng'ombe wa Ulaya, kiwele kama gunia, amesimama ubavu, anatabasamu.

Na mimi? Upande mmoja nilikuwa na Mama ndani ya shimo. Upande mwingine nilikuwa na Baba Mkubwa juu ya paa, karibu kabisa na kichwa changu, pale nyasi zilipoishia, nikitazama juu naona nyayo zake kati ya fito. Nikichora vibaya, narudi zizini maisha yangu yote. Nikichora vizuri, nimempeleka Tabu kwa serikali.

Mtoto huwa na akili zake. Nikajiuliza: mtu hutambuliwa kwa nini? Kwa uso. Basi nikificha uso wa Tabu, nani atamjua? Nitamchora kwa nyuma! Mimi nilifurahi kwa werevu ule mpaka nikakaribia kucheka kwa sauti. Na kwa kweli upande ule ndio niliokuwa naujua kuliko pande zote duniani, kwa sababu kila siku natembea nyuma yake.

Nikainama. Sikuona tena darasa. Nikaweka ule mfupa wa nyonga ulioanguka, na ule mwingine uliobaki juu, kama paa lililobomoka upande mmoja. Nikaweka mkia usio na ncha. Nikaweka kwato la nyuma analokanyagia kwa pembeni, na tope lililoganda mapajani. Nikaweka tumbo linavyotokeza pande zote mbili, kulia zaidi, ukimtazama kutoka nyuma, na huku juu, mbali, ncha za pembe na masikio mawili, kichwa kimeinama kinakula. Nilipoinua penseli, shingo ilikuwa inauma. Wenzangu walikuwa wamekwisha zamani.

Danieli akachungulia. "Mama yangu wee! Mwalimu! Mwalimu, huyu kamchorea mgeni makalio!"

Darasa likapasuka. Watoto walicheka mpaka wakaanguka kwenye madawati. Mwalimu Gaspari akaja mbio, akatazama, uso wake ukabadilika. Alichukua fimbo yake ya mwanzi. "Mgeni anatoka Mbeya, unamwonyesha matako ya ng'ombe? Hii ndiyo adabu ya nyumbani kwenu?"

"Ngoja, Mwalimu," akasema yule Ambakisye. Akachukua karatasi yangu akaenda nayo dirishani. Akaiangalia muda mrefu. Akaisogeza, akaileta karibu. Halafu akaniuliza taratibu, "Huyu ng'ombe yupo?"

Nyayo za Baba Mkubwa pale juu zilikuwa hazitikisiki.

"Hayupo, Mwalimu," nikajibu.

"Hayupo?"

"Hayupo kabisa."

"Nyumbani kwenu kuna ng'ombe wangapi?"

"Wa kumtosha mgeni maziwa."

Alitikisa kichwa. Akachukua na karatasi ya Danieli, akaziweka pamoja. Mwalimu Gaspari akaanza kumweleza kwamba ya Danieli ni safi, ina miguu minne inayoonekana, ina macho, na kwamba hii nyingine hata tumbo limepinda, limevimba upande mmoja. "Ni kweli," akasema Ambakisye, "safi ni hii. Lakini natafuta mtoto anayeona. Kama huyu ameota tu, nimpeleke Danieli wako. Kama ng'ombe huyu yupo..." Akatoka nje na karatasi zote mbili, sisi nyuma yake kama siafu.

Akasimama chini ya paa. "Wazee, kamwene! Naomba msaada wenu. Ninyi ndio mnaojua ng'ombe." Akainua picha ya Danieli. "Huyu ni wa nani?"

Wanaume wakacheka. "Huyo ni wa kitabuni," mmoja akasema. "Wa Wazungu huyo," mwingine akasema, "hapa kwetu kupe wangemmaliza siku moja."

Akainua yangu. "Na huyu?"

Upepo ulikuwa unasikika kwenye nyasi. Wanaume wote, mmoja baada ya mwingine, hawakusema neno, kwa sababu kwetu mtu hataji ng'ombe wa mwenzake mbele ya mwenye soksi ndefu. Lakini vichwa vyao viligeuka vyote, taratibu, vikamtazama Baba Mkubwa.

"Mnanitazamia nini mimi?" Baba Mkubwa akafoka. "Mimi simjui!"

"Humjui, Mzee?" akauliza Ambakisye.

"Simjui! Mimi sina ng'ombe aliyeteguka nyonga korongoni. Na kama ningekuwa naye, fisi hakula mkia wake."

Mzee mmoja akaziba mdomo kwa mgolole, mabega yanaruka. Baba Mkubwa akazidi kuwaka. "Na huyo aliyemchora ni mwongo! Hajui ng'ombe! Tazama tumbo. Ng'ombe akishiba hujaa kushoto, huyo kamjaza kulia!"

Mimi, wenzangu, naweza kuvumilia mambo mengi. Fimbo navumilia, njaa navumilia. Lakini mtu kuniambia nimechora uongo, hilo sikuliweza tangu utoto wangu na mpaka leo siliwezi. Nikasahau serikali. Nikasahau jibu la maziwa. Nikapaza sauti nikamwambia mkubwa wangu mbele ya kadamnasi:

"Tabu amejaa kulia, Baba Mkubwa! Namwona kila siku! Asubuhi hajala kitu na bado amejaa kulia!"

Ndiyo hivyo, nilikuwa nimemtaja. Nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Nikajua nimekufa.

Ila pale juu lilitokea jambo ambalo sikulielewa. Wanaume hawakucheka tena. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Kulia?" Mwingine akasema, "Kabla ya kula?" Baba Mkubwa akashuka ngazi. Alishuka taratibu, mgolole umemteleza begani na hakuurudisha. Akaja mpaka kwa Ambakisye, akachukua ile karatasi kwa vidole viwili kama mtu anayeshika jani la moto. Akaitazama. Akapitisha kidole chake kwenye ule upande wa kulia wa tumbo nilioupindisha, ule Mwalimu Gaspari aliosema nimeuvimbisha.

"Ana ndama," akasema.

"Mzee?"

"Huyu ana ndama tumboni. Mimi nilikuwa namnolea kisu." Akanigeukia. Yale macho. "Tangu lini yuko hivi?"

"Tangu tulipovuna mahindi. Mimi nilidhani tumbo linamuuma."

Ninyi mliolelewa mjini nitawaeleza: tumbo la chakula la ng'ombe liko kushoto, na mimba ikikua hutokeza kulia. Mchunga ng'ombe aliye mtu mzima analijua hilo. Mimi sikulijua. Nilikuwa mtoto, nilichora tu kilichokuwapo. Baba Mkubwa aliyejua, hakuwa amemwona.

Akabaki pale katikati ya uwanja, na mimi naona jinsi anavyopigana nafsini. Akitaka kuhakikisha lazima aende bondeni, na akienda bondeni mwenye soksi ndefu ameona. Ambakisye naye, nadhani hapo ndipo alipofahamu kilichokuwa kinawatisha watu tangu Landrova iingie. Akaangalia soksi zake, akaangalia kibao chake. Akacheka hadi machozi. "Mzee wangu! Mimi natafuta watoto. Ng'ombe sitafuti. Nikiwatafuta, Mama yangu kule Tukuyu atanilaani, maana na yeye ana wake amewaficha."

"Apa."

"Naapa."

"Basi twende," akasema Baba Mkubwa. "Lakini wewe utatembea unatazama mlimani."

Na kweli, nawaambia, tulikwenda hivyo. Wanaume wote wa paa, watoto wa shule nzima, Mwalimu Gaspari na fimbo yake kwapani, tunakatiza vinyungu, na yule mgeni wa Mbeya amegeuza uso kuelekea mlimani kama mtu aliyekakamaa shingo, Skolastika anamshika mkono asitumbukie mtaroni. Tukamkuta Tabu anatafuna. Ambakisye akaruhusiwa kumtazama huyo mmoja tu. Akasimama nyuma yake, akainua karatasi usawa wa macho, akaishusha, akaiinua.

Baba Mkubwa akaenda ubavu wa kulia. Akafunga ngumi, akaisukuma polepole ndani ya ubavu, akasubiri. Akasukuma tena. Halafu akaniita, akachukua ngumi yangu akaiweka pale pale. Kitu kikanisukuma kutoka ndani. Kigumu, kidogo, kama goti la mtoto. Mpaka leo nikifunga ngumi hii nakisikia.

"Karani!" Baba Mkubwa akamwita Ambakisye, maana hakujua amwite nani. "Huyo mtoto unamtaka?"

"Namtaka, Mzee. Miaka hii yote nimeletewa ng'ombe wa kitabuni. Huyu ni wa kwanza kunionyesha ng'ombe."

Nilimwangalia Mwalimu Gaspari, nikidhani atamtetea Danieli. Akakohoa. Akaificha fimbo nyuma ya mgongo wake. "Hata mimi," akasema, "siku zote nilijua ana kitu." Mwongo! Lakini nilimsamehe pale pale, nilikuwa na furaha ya kutosha watu wawili.

"Nani atachunga?" Danieli akauliza, yeye naye kwa uchungu wake.

Baba Mkubwa akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Nitachunga mwenyewe. Inaonekana nimekaa mno bila kutazama ng'ombe wangu."

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa amekwisha kusikia, maana habari kule hutembea haraka kuliko miguu. Alikuwa amesimama mlangoni. Hakupiga vigelegele, hakukimbia. Alichukua mkono wangu wa kulia, akautemea mate kidogo ya baraka, akaupangusa kwa khanga yake, kisha akaanza kucheka, na alicheka hadi jioni.

Mbeya nilikwenda ndani ya Landrova ile ile, nimekaa juu ya gunia la viazi, na njia nzima nilikuwa nachungulia milima nikiihifadhi. Nilikaa kule miaka miwili. Vitabu havikunipenda na mimi sikuvibembeleza, lakini Mwalimu Ambakisye alinifundisha rangi, brashi, chokaa, gundi, namna ya kuandika herufi zikasimama kama askari. Nilipotoka pale sikuhitaji mtu wa kunionyesha njia. Nilianza na kopo moja la rangi na ngazi ya kuazima, na mengine yote mnayoyaona Mwanjelwa nimeyajenga kwa mkono huu uliotemewa mate. Danieli alikuja kuwa karani, tena karani mzuri. Akija Mbeya hulala kwangu, na bado ananiita mchoraji wa makalio. Mimi humjibu, "Lala, kesho nitakupeleka uone mji niliouchora."

Na Tabu alizaa jike, mwezi mmoja baada ya mimi kuondoka. Barua aliiandika Mwalimu Gaspari kwa maneno ya Baba Mkubwa, na ilikuwa fupi: ndama mzima, mama mzima, jina lake Mkaguzi. Tabu hakuliwa Krismasi ile wala Krismasi nyingine. Alikufa mzee, kwa kulala.

Sasa pale matangani, familia ikaniomba nitengeneze msalaba wa kaburi. Nani mwingine? Niliupaka rangi nyeupe, mara tatu, siku tatu ikakauka vizuri. Mbele nikaandika jina lake kwa herufi nyeusi ambazo mvua ya Iringa haitazifuta nikiwa hai. Nikauzungusha. Pale nyuma, kwenye ubao wa katikati, nikamchora Tabu: nyonga iliyoanguka, mkia ulioliwa, tumbo limejaa kulia, kichwa kimeinama kinakula. Kwa nyuma, kama nilivyomwona kila siku, na kama Baba Mkubwa alivyomwona tangu alipoamua kuchunga mwenyewe.

Padre alikuja kubariki, kijana, mgeni wa pale. Akazunguka msalaba, akasimama, akakuna kichwa. Nilidhani atauliza kwa nini nimechora nyuma ya ng'ombe kaburini. Hakuuliza hilo.

"Nasikia Mzee alikuwa na mifugo mingi sana," akasema. "Hasa alikuwa na ng'ombe wangapi?"

Wazee wote waliokuwa pale wakageuza vichwa, taratibu, wakanitazama mimi.

"Wa kumtosha mgeni maziwa, Padre," nikamjibu.